Mzio na Miiko: Mhadhara Kuhusu Ushauri wa Tiba Kisiwani Mombasa

Neno mzio, kabla ya kutwikwa kazi ya kutaja hali ambayo daktari Clemens von Pirquet wa Vienna aliipa jina la aleji mwaka 1906, lilikuwa na maana yake katika Kiswahili, nayo ni chakula ambacho mtu amekatazwa, aghalabu na mganga aliyempa dawa, bila ya kuelezwa sababu. Maana hiyo ya kale haijafa, na ushauri mbaya unaowasumbua wenye mzio hutokana mara nyingi na tabibu anayekataza kama mganga yule, pasipo kuchunguza.

Mfano ulio karibu zaidi na Mji wa Kale ni jodari. Samaki huyu akikosa barafu, bakteria hugeuza histidini iliyomo katika nyama yake kuwa histamini, kemikali ile ile ambayo mwili wenye mzio huimwaga wenyewe, na ambayo haiondoki kwa kupikwa, kukaangwa wala kukamuliwa ndimu. Mlaji huiva uso, hutoka mabaka, kichwa kikamgonga na moyo ukamwenda mbio, kisha akaambiwa kuwa ana mzio wa samaki na awaache wote maisha yake yote. Katika mji ambao kitoweo chake ni samaki, hukumu hiyo ni nzito mno kutolewa kabla ya kuulizwa iwapo waliokula naye sinia moja walipatwa pia.

Mzio wa kamba ni jambo jingine. Unaletwa hasa na tropomyosini, protini ya misuli iliyomo pia katika kaa, ambayo moto hauiharibu, kiasi kwamba viazi karai vilivyopitishwa katika mafuta yaliyokaangia kamba vyaweza kumdhuru mtu ambaye hakugusa kamba. Kumwambia mtu huyo aonje kidogo kidogo nyumbani ili mwili uzoee ni kumhatarisha. Na kumkataza changu au tafi, ambao protini zao zinazoleta mzio ni nyingine, mara nyingi ni kumnyima bure.

Kosa linaloua, hata hivyo, ni la dawa. Anafilaksia, jina lililotolewa na Charles Richet na Paul Portier mwaka 1902, ni mzio unaoushika mwili mzima, ukabana njia ya hewa na kushusha shinikizo la damu, pengine katika dakika chache. Vidonge vya Piriton, vinavyotolewa upesi katika maduka ya dawa, hutuliza mwasho lakini havifungui koo lililovimba. Dawa yake ni adrenalini, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, ikidungwa katika msuli wa paja kwa nje, naye mgonjwa akilazwa na miguu kuinuliwa, au akiachwa akae iwapo pumzi zinambana, badala ya kutembezwa vichochoroni kutafuta gari. Sindano ya kujidunga mwenyewe ni ghali na haipatikani kwa urahisi, ilhali kichupa cha kawaida cha adrenalini ni cha bei nafuu, na kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo mwenye mzio mkali anastahili kutoka kwa daktari wake na karatasi inayotaja jina la dawa hiyo, kipimo chake na mahali pa kuidunga, ili yeyote atakayempokea usiku asianze na vidonge.