Kumkumbuka Marehemu Robert Wangila, Mpiga Ngumi

Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Masafu

 



Wapenzi wa ngumi wa sehemu hizi, kila walitajapo jina la Robert Napunyi Wangila, husimulia habari ya siku moja tu. Nayo ni siku ya fainali ya uzito wa welta, yaani kilo 67, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Seoul, Korea ya Kusini, mwaka 1988. Siku hiyo Wangila alikabiliana na Laurent Boudouani wa Ufaransa, akamwangusha katika raundi ya pili, na pambano likaishia hapo. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuipatia nchi yake medali ya dhahabu ya ngumi katika Olimpiki.

Uganda ilikuwa imeikaribia dhahabu hiyo mara tatu bila kuishika. Eridadi Mukwanga alipata fedha mwaka 1968, Leo Rwabwogo akapata fedha mwaka 1972, na John Mugabi akaipata mwaka 1980 katika uzito ule ule aliokuja kuushindia Wangila. Kwa hiyo watu wa upande huu wa mpaka hawakuona haya kuifurahia dhahabu ya jirani. Na kusema kweli, Msamia mwenye shangazi Funyula na mjomba Masafu hana hakika sana ni nani hasa aitwaye jirani. Wangila alikuwa Mluhya, na ndugu hawaulizani hati ya kusafiria.

Habari hiyo ni tamu, na haina ubaya kusimuliwa. Walakini kuna siku ya pili, ambayo wapenzi wa ngumi huipita mbio, au hawaitaji kabisa. Mtu aliyekumbukwa kwa siku yake moja hakukumbukwa ila nusu.

Baada ya Seoul, Wangila alihamia Marekani akaingia katika ngumi za kulipwa. Kazi hiyo haifanani na ile ya Olimpiki. Kule Seoul mapigano yalikuwa ya raundi tatu, na kila mpiganaji alivaa kofia ya kukinga kichwa. Katika ngumi za kulipwa kofia haivaliwi, na raundi huweza kufika kumi au kumi na mbili. Zamani zilikuwa kumi na tano. Zikaanza kupunguzwa baada ya kijana wa Korea, Kim Duk-koo, kufariki mwezi wa Novemba mwaka 1982 kwa majeraha aliyoyapata ulingoni Las Vegas.

Katika mji huo huo, tarehe 22 Julai 1994, Wangila alipigana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa mwamuzi aliona kwamba yatosha, akalisimamisha pambano. Wangila hakuridhika. Alilalamika, akiwa amesimama kwa miguu yake, kwamba angeachwa aendelee. Kisha akarudi katika chumba cha kubadilishia nguo, akaanguka huko, akapoteza fahamu. Tarehe 24 Julai akafariki dunia, kabla ya kutimiza miaka 27. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Wako wanaousimulia ule ulalamishi wake kama alama ya ushujaa. Ushujaa alikuwa nao, wala hapana awezaye kumnyang'anya. Lakini kichwa kilichopigwa sana hakiwezi kuwa shahidi wa hali yake chenyewe. Mishipa midogo iliyo kati ya ubongo na fuvu huweza kupasuka, na damu ikavuja polepole. Mtu akawa anasema, anatembea, hata anadai haki yake, ilhali damu inaukandamiza ubongo. Asiyeyajua haya humdhania mzima. Usiku ule, aliyesema yatosha ndiye aliyemtazama Wangila kwa jicho la huruma, hata kama watazamaji walitaka zaidi. Na hiyo sheria ya kupunguza raundi haikumwokoa, kwa sababu yeye alisimamishwa katika ya tisa.

Wangila alikuwa amesilimu kabla ya kufa kwake. Mwili uliporudishwa Kenya, palizuka mgogoro baina ya waliotaka azikwe kwa sheria ya Kiislamu na jamaa waliotaka azikwe kwa desturi ya kwao, na jambo likafika mahakamani. Mgogoro huo haukuja hapa leo kuamuliwa upya. Katika nyumba nyingi za Masafu baba ni Mwislamu na ndugu zake si Waislamu, na kila aliyewahi kusimama penye jeneza la namna hiyo ajua kwamba pande zote mbili zililia kwa mapenzi. Yatosha kusema kwamba mama aliyempoteza mwanawe ni mama, kwa dini yoyote aliyo nayo, na kumpa pole ni wajibu.

Liko na neno jingine, ambalo limesemwa kwa sauti ya chini tangu ilipojulikana kwamba marehemu huyu atakumbukwa katika mkusanyiko huu. Wamesema baadhi ya watu kwamba haifai Waislamu kumsomea mpiga ngumi, kwa kuwa ngumi ni haramu.

Kwamba wanazuoni wamezikataza ngumi, hilo ni kweli. Baraza la Fiqhi lililo chini ya Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu lilikutana Makka mwezi wa Oktoba mwaka 1987, likatoa uamuzi kwamba ngumi kama zinavyopiganwa leo hazijuzu, kwa sababu kila mmoja huhalalisha kumdhuru mwenziwe. Tena imepokewa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba apiganaye auepuke uso. Uislamu haukuchukia nguvu. Imepokewa pia kwamba Mtume alipigana mieleka na Rukana akamwangusha. Kilichokatazwa ni kuufanya uso na kichwa cha mwanadamu kuwa shabaha.

Wapenzi wa ngumi waliposikia uamuzi huo waliuona mkali. Haukupita hata mwaka, Wangila akashinda Seoul, na nani angeukumbuka tena kwa furaha ile? Haikupita miaka saba, akafa Las Vegas kwa dhara ile ile waliyoitaja wanazuoni. Basi asiseme mtu kwamba walisema bure.

Lakini uamuzi wa wanazuoni ni juu ya kitendo. Mtu amekwisha kwenda kwa Mola wake, naye ndiye Mwingi wa kusamehe. Hapana sheria inayomfungia Mwislamu mlango wa dua kwa sababu ya kazi aliyokuwa akiifanya alipokufa. Mwenye kuogopa kwamba dua itakuwa kusifu ngumi, na aiombe huku akiyataja yote mawili, dhahabu na jeneza.

Wako vijana wa hapa wanaofanya mazoezi ya ngumi huko Busia na Tororo. Wazazi wao wanajulikana, na baadhi yao wameketi katika safu za mbele. Kijana akirudi nyumbani analalamika kichwa, au anatapika, au maneno yake yanapotea baada ya kupigwa, asipewe vidonge akaambiwa alale. Apelekwe Hospitali ya Masafu usiku ule ule, ijapokuwa yeye mwenyewe atasema kwamba hana kitu. Wangila naye alisema yu tayari kuendelea.

Sasa itasomwa Fatiha kwa ajili yake, na kwa ajili ya maiti wa kila nyumba iliyohudhuria.