Mipangilio ya Ruta ya Nyumbani kwa Matumizi ya VPN: Hali ya Malindi na Kilifi

VPN hufunga kila pakiti ya data ndani ya pakiti nyingine iliyosimbwa na kuipeleka kwenye seva moja maalumu, ambako hufunguliwa na kuendelea na safari yake. Ruta ya nyumbani haioni kilichomo ndani. Inachoona ni pakiti zinazokwenda mahali pamoja, aghalabu kwa UDP, kupitia mlango 51820 kwa VPN ya aina ya WireGuard au 1194 kwa ile ya OpenVPN. Ndiyo maana simu au kompyuta yenye programu ya VPN hufanya kazi katika nyumba nyingi za Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa bila mtu kugusa ruta. Kazi ya ruta huanza pale anwani za nyumbani zinapogongana na za ofisini, pale mtu aliye mbali anapotaka kuingia katika mtandao wa nyumba, au pale ruta yenyewe inapotakiwa kuendesha VPN kwa ajili ya nyumba nzima.

Anwani zinazogongana

Kuna mafungu matatu ya anwani yaliyotengwa kwa mitandao ya ndani: yale yanayoanza na 10, yale ya 172.16 hadi 172.31, na yale ya 192.168. Watengenezaji wa ruta karibu wote huchota kutoka fungu la mwisho, tena wanachota palepale: 192.168.1.1, 192.168.0.1, na kwa ruta nyingi za Huawei 192.168.8.1 au 192.168.100.1.

Mfano wa kawaida ni mhasibu wa hoteli anayefanya kazi akiwa nyumbani Watamu. VPN ya ofisi inaunganika vizuri, alama ya kijani inawaka, lakini seva ya hesabu yenye anwani 192.168.1.50 haifunguki. Kompyuta yake inaamini kwamba anwani hiyo iko humohumo nyumbani, kwa hiyo inaitafuta sebuleni, pengine inaikuta ni televisheni. Kubadilisha programu ya VPN hakusaidii kitu. Dawa ni kuingia katika ukurasa wa ruta, sehemu ya LAN, na kuipa nyumba fungu lisilo la kawaida, mfano 10.77.34.1, kisha kuhakikisha kwamba DHCP inagawa anwani za fungu hilohilo.

Mara mabadiliko yanapohifadhiwa, ukurasa huo hupotea kwenye kivinjari, na wengi hudhani wameharibu ruta. Haijaharibika: sasa inapatikana kwa anwani mpya. Kamera na printa zilizowekewa anwani kwa mkono hubaki katika fungu la zamani mpaka zibadilishwe moja moja. Anwani mpya iandikwe kwenye kibandiko chini ya ruta, maana fundi atakayekuja baadaye hataiotea.

Kuingia nyumbani kutoka nje

Hapa ndipo pwani hii ina shida yake hasa. Malindi na Watamu zimejaa nyumba ambazo wenyewe hawakai mwaka mzima, wakiwamo Waitaliano wanaorudi kwao msimu ukiisha, na nyumba za kupangisha wageni ambazo msimamizi wake yuko Mombasa au Nairobi. Wote hao wanataka kuona kamera, lango na mitambo ya sola kutoka mbali. Maelekezo ya kawaida husema: washa seva ya VPN ndani ya ruta, fungua mlango 51820, basi. Maelekezo hayo ni sahihi kwa nyumba yenye anwani yake ya umma, na nyumba nyingi hazina.

Anwani za IPv4 ni haba, kwa hiyo kampuni za intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, utaratibu ambao mafundi huuita CGNAT. Laini za 4G na 5G ndivyo zilivyo kwa kawaida, na Starlink, iliyoanza kuuza huduma Kenya mwaka 2023, hufanya hivyo katika vifurushi vyake vya nyumbani. Kwa mteja wa namna hii, kufungua mlango kwenye ruta yake hakufungui chochote, kwa sababu pakiti inayotoka nje huishia kwenye mtambo wa kampuni, nao haujui ni nyumba ipi inatafutwa.

Kipimo chake ni rahisi. Fungua ukurasa wa hali ya ruta na usome anwani ya WAN. Ikiwa ni kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hii, nyumba iko nyuma ya CGNAT. Ikianza na 10 au 192.168, nayo si ya umma. Ikianza na 41, 105 au 197, kwa mfano, na ikilingana na ile inayoonyeshwa na tovuti ya kupimia anwani, basi ni ya umma na mlango unaweza kufunguliwa. Kipimo hiki kifanywe kabla ya kununua kifaa chochote. Kuna ruta za bei kubwa zilizonunuliwa bila faida kwa kukiruka.

Aliye nyuma ya CGNAT ana njia mbili za maana. Ya kwanza ni kuiomba kampuni anwani ya umma, ambayo mara nyingi hutolewa kwa vifurushi vya biashara na kwa malipo zaidi. Ya pili, ambayo kwa nyumba nyingi ndiyo bora, ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma na kuiagiza ruta iipigie yenyewe kutoka ndani. Mwenye nyumba naye huunganika na seva hiyo, na wawili hao hukutana hapo. Katika WireGuard, upande wa nyumba uwekewe PersistentKeepalive ya sekunde 25, la sivyo mtambo wa kampuni husahau njia baada ya kimya kidogo.

Ruta ikiendesha VPN

Ruta zinazotolewa na kampuni za intaneti mara nyingi hazina sehemu ya kuwekea VPN ya kutoka. Huongezwa ruta ya pili nyuma ya ile ya kwanza, na fungu lake la anwani liwe tofauti. WireGuard, iliyoingizwa ndani ya Linux mwaka 2020, haichoshi kichakato cha ruta ndogo kama OpenVPN inavyokichosha. Seva ikiwa Ulaya, kila ombi hupita kwenye nyaya za baharini zinazoanzia Mombasa na kurudi baada ya zaidi ya milisekunde 100, hivyo si busara kupitisha nyumba nzima huko kwa ajili ya televisheni moja. Kifaa kinachohitaji VPN kielekezwe peke yake, na simu zenye programu za benki ziachwe kwenye njia ya kawaida.

Dalili moja huwapoteza hata mafundi: VPN imeunganika, ujumbe wa WhatsApp unakwenda, lakini baadhi ya kurasa zinazunguka bila kufunguka. Hapo shida ni ukubwa wa pakiti. Laini ya kawaida hubeba pakiti za hadi baiti 1500. PPPoE, inayotumika kwenye baadhi ya laini, hula 8, na WireGuard hula 60 hadi 80. Kipimo cha 1420 ambacho WireGuard hutumia huwa kikubwa mno kwa baadhi ya laini. MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya handaki la VPN ishushwe hadi 1400, kisha 1380, mpaka kurasa zifunguke.

Umeme nao una sehemu yake. Ruta nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, huamka zikiwa na tarehe ya zamani. WireGuard hukataa maombi yenye muda ulio nyuma ya ule iliokwisha kuuona, na OpenVPN hukataa vyeti ambavyo kwa saa hiyo havijaanza kutumika. NTP, huduma ya kurekebisha saa kupitia intaneti, iwashwe, na iruhusiwe kupita nje ya handaki, vinginevyo ruta itasubiri VPN ili ipate saa na VPN itasubiri saa ili iunganike. Betri ndogo ya ruta huondoa usumbufu huu wote.

Sheria za Kenya hazikatazi VPN. Anayevuka kwenda Tanzania ajue kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ilitangaza Oktoba 2023 kuwa matumizi ya VPN lazima yaandikishwe.

PPTP, aina ya VPN ambayo bado imo katika ruta za zamani, isitumike, kwa kuwa usimbaji wake ulishavunjwa. Ukurasa wa ruta usifunguliwe kwa watu wa nje, na nenosiri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza. Ruta ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho isipewe kazi ya kupokea VPN, inunuliwe nyingine.