Kromosomu Iliyohama: Limfoma ya Burkitt na Maisha ya Seli



Vitabu vyetu huweka upumuaji wa seli katika sura yake, kromosomu katika nyingine, na saratani mwishoni kabisa, muhula ukiwa unayoyoma. Jioni hii nazikutanisha sura hizo katika ugonjwa mmoja uliotambuliwa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa amtazame mtoto aliyevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kuukuu hadi Afrika Kusini, wakiulizia uvimbe huo, ambao leo tunauita limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, hospitali baada ya hospitali. Walikuta umeshamiri kwenye joto na mvua, ukatoweka nyanda za juu zenye baridi, sawasawa na malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, wakiwa London, walitangaza kuona virusi ndani ya seli za uvimbe huo zilizotoka Kampala. Lakini virusi hivyo tunavyo karibu sote, na wengi wetu hatuugui saratani hii. Kuvitupia lawama zote ni uvivu.

Tuingie ndani ya seli. Seli B za kinga hukata na kuunga upya DNA yao wenyewe ili kuboresha kingamwili. Ni kazi ya hatari, na malaria ya kila mara huzisukuma kuifanya kupita kiasi. Ikitokea hitilafu, kipande cha kromosomu ya 8 huungwa kwenye ya 14. Kipande hicho kimebeba jeni ya MYC, inayoihimiza seli igawanyike, na sasa kinakaa karibu na sehemu za DNA ambazo katika seli B hufanya kazi bila kupumzika. Tofauti na ugonjwa wa Down, wenye kromosomu ya 21 ya ziada, hapa hesabu inaweza kubaki 46 vilevile. Kilichobadilika ni makazi ya jeni.

MYC haiishii hapo: hubadili pia namna seli inavyotumia glukosi. Seli ya kawaida yenye oksijeni huikamilisha glukosi ndani ya mitokondria, ikavuna takribani ATP 30. Seli ya saratani huifakamia glukosi na kuiachia njiani ikiwa asidi ya laktiki, kwa ATP 2 tu, hata oksijeni ikiwepo. Otto Warburg aliliona hilo miaka ya 1920. Hasara? Si sana: anayejenga nyumba hachomi mbao zake zote jikoni. Seli inayogawanyika inahitaji kaboni ya kuundia mafuta, protini na DNA mpya.

Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kasi hiyohiyo ndiyo inayoufanya uziitikie upesi dawa zinazoua seli zinazogawanyika. Basi wazazi, na nanyi matabibu wa zahanati: mtoto akivimba taya na meno yakalegea, msikimbilie kung'oa meno. Mpelekeni hospitali ya rufaa wiki hiyohiyo.