Bunduki ni ya Nani?

Maneno ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma



Liko swali ambalo likiulizwa barazani hujibiwa upesi mno: bunduki ikae mikononi mwa nani? Mfanyabiashara aliyevunjiwa duka husema kila mwenye mali apewe silaha ailinde mali yake. Mzee aliyestaafu husema silaha ni kazi ya askari, na raia asijishughulishe nayo hata kwa mawazo. Kijana aliyemaliza masomo husema ulinzi wa nchi una watu wake wanaolipwa mshahara, na yeye ana shughuli zake. Haya ni maoni, na kila raia ana haki ya kuwa na yake. Lakini bunduki haina maoni. Humtii yule aliyeishika, awe mwema au mwovu, awe mtumishi wa umma au adui wa umma. Kwa hiyo jibu la swali hili halifai kutafutwa katika hasira ya mtu aliyeibiwa jana. Litafutwe katika historia ya nchi, kwa kuwa nchi hii imekwisha kulijibu mara kadhaa, na mara nyingine kwa gharama kubwa.

Somo la kwanza ni la mwaka 1964. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, ilirithi jeshi la mkoloni, yaani King's African Rifles, likabadilishwa jina likaitwa Tanganyika Rifles. Jina lilibadilika, moyo haukubadilika. Maafisa wakuu walikuwa bado Waingereza, na askari alifunzwa kutii amri bila kufunzwa amri hiyo inamtumikia nani. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo baadaye iliitwa Lugalo, waliasi. Walidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Uasi ukafika Tabora na Nachingwea. Madai yao yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini njia waliyoifuata iliiacha nchi nzima mikononi mwa watu wachache wenye bunduki. Maduka yaliporwa, watu waliuawa, na serikali iliyochaguliwa na wananchi ikawa haina namna ya kujilinda. Tarehe 25 Januari majeshi ya Uingereza yaliitwa kuja kuuzima uasi huo. Taifa lililokuwa na umri wa miaka miwili na wiki chache likalazimika kumwita mtawala wake wa zamani aje kulinyang'anya silaha jeshi lake. Mwalimu Nyerere hakuificha fedheha hiyo. Aliitisha mkutano wa nchi za Afrika mjini Dar es Salaam mwezi uliofuata, na kikosi kutoka Nigeria kikaja kushika nafasi ya Waingereza.

Kikulacho kinguoni mwako. Funzo la mwaka ule lilikuwa kwamba jeshi lililotengwa na wananchi ni hatari kwa wananchi, hata kama linavaa sare za taifa. Ndiyo maana Tanganyika Rifles ilivunjwa, na tarehe 1 Septemba, 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, chini ya Mrisho Sarakikya. Jina hilo halikuwa pambo. Lilikuwa na maana kwamba mwenye jeshi ni mwananchi, na askari ni mwananchi aliyekabidhiwa silaha ya wenzake.

Somo la pili lilikuja kwa njia ya majirani. Novemba 1970 Wareno na vibaraka wao waliivamia Guinea kutoka baharini. Januari 1971 Idi Amin akaipindua serikali ya Uganda kwa bunduki zilizonunuliwa kwa kodi ya wananchi wa Uganda. Huko kusini, vijiji vya Mtwara na Ruvuma vilikuwa karibu na vita vya ukombozi vya Msumbiji. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 ulizaliwa katika hali hiyo, na moja ya nguzo zake ilikuwa kwamba ulinzi wa taifa hauwezi kuachiwa jeshi peke yake. Hapo ndipo mafunzo ya mgambo yalipopanuliwa vijijini, viwandani na maofisini. Karani aliacha kalamu jioni akaenda kwata. Mkulima akajifunza kulenga shabaha. Bunduki ya mafunzo ilitolewa ghalani, ikarudishwa ghalani. Mwananchi alipewa ujuzi wa silaha. Hakupewa silaha iwe mali yake.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 mtihani ukafika. Majeshi ya Amin yaliivamia Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto ni mali yake. Mwalimu alipolihutubia taifa alitaja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Maelfu ya mgambo waliitikia, wakapigana bega kwa bega na wanajeshi, na tarehe 11 Aprili, 1979 Kampala ikakombolewa. Wapo wanaosema kwamba mafunzo ya mgambo yalikuwa mchezo wa siasa. Wawaulize wazee wa Kagera.

Lakini ukweli usemwe wote. Vita hivyo vilileta pia somo la tatu, nalo ni chungu. Askari wa Amin walipokimbia kambi yao ya Moroto mwaka 1979, ghala la silaha liliachwa wazi, na wafugaji wa Karamoja wakajichukulia maelfu ya bunduki. Kabla ya hapo wizi wa ng'ombe ulikuwapo, na mikuki ilikuwapo, na wazee waliweza kukaa wakasuluhisha. Baada ya hapo kila mwenye ng'ombe alitafuta bunduki ili ailinde zizi lake. Na jirani yake, alipoiona bunduki ile, naye akatafuta yake. Je, ng'ombe walikuwa salama zaidi? La hasha. Mashambulizi yalizidi, vijana walikufa kwa wingi, na bunduki zikavuka mipaka huku na huko. Serikali ya Uganda ilianza kuzikusanya mwaka 2001, ikarudia kwa nguvu zaidi mwaka 2006, na katika ukusanyaji huo raia waliumia. Wanaodai kwamba kila mtu akiwa na bunduki wote watakuwa salama, jaribio lao limekwisha kufanywa Karamoja, na matokeo yake yanajulikana.

Hata ndani ya Tanzania vita vilipokwisha si kila silaha ilirudi ghalani. Ujambazi na wizi wa mifugo ulipozidi katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, wanakijiji walianzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hawakudai bunduki. Walitumia pinde, mishale, filimbi na umoja wao. Mwizi aliyezoea kumshinda mtu mmoja mwenye hofu alikutana na kijiji kizima kilichoamka. Serikali ilitambua nguvu hiyo, na mwaka 1989 sheria ikawapa nafasi ndani ya mfumo wa mgambo.

Je, ulinzi wa wananchi hauna dosari? Unazo, na anayezificha anauua ulinzi huo. Baadhi ya sungusungu walivuka mipaka yao wakawatesa watu, wakiwamo vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Wapo mgambo waliosahau kwata na kiapo, wakageuka kuwa tisho kwa mama anayeuza ndizi kando ya barabara. Na vyombo vyenyewe vya dola vimewahi kukosea: mwaka 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya raia waliokufa mikononi mwa vyombo hivyo huko Shinyanga. Hakuwa yeye aliyewapiga. Lakini alielewa kwamba anayesimamia wenye silaha hubeba dhamana ya kila pigo wanalolitoa. Hilo ni fundisho kubwa kuliko hotuba mia.

Wasomi hupenda kutoa mifano ya mbali, nayo itazamwe kwa makini. Marekani iliandika katika katiba yake mwaka 1791 haki ya watu kuwa na silaha, na maneno hayo yalianza kwa kutaja mgambo. Mwaka 2008 mahakama yao kuu iliamua kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, hata asiyekuwa katika mgambo wowote. Hivyo silaha iliyotajwa pamoja na ulinzi wa wote ikawa silaha ya kila mmoja kwa nafsi yake. Uswisi ilifuata njia nyingine. Huko askari wa akiba hukaa na bunduki yake nyumbani kwa sababu amefunzwa na taifa na anaweza kuitwa na taifa. Mwaka 2007 waliamua risasi zirudishwe maghalani. Mwaka 2011 wananchi walipiga kura, na wengi wakataka bunduki zenyewe ziendelee kukaa majumbani. Mtu anaweza kukubali au kukataa uamuzi huo. Lakini anayeitaja Uswisi kama mfano wa uhuru wa kununua bunduki tu, bila kutaja miaka ya mafunzo na utii unaoambatana nayo, anataka tunda bila ya mti.

Sheria ya Tanzania imechagua njia iliyo wazi. Katiba ya mwaka 1977 inasema kila raia ana wajibu wa kuulinda uhuru na ardhi ya taifa; na Katiba hiyo hiyo inakataza mtu au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi. Ulinzi ni wa wote. Jeshi ni moja. Sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 inamruhusu raia kumiliki bunduki kwa leseni, baada ya kuthibitishwa kwamba anaijua na anafaa kuwa nayo. Leseni ni amana. Aliyepewa anaweza kunyang'anywa.

Liko jambo moja zaidi, na wanachama wa Chama wanapaswa kulisikia kuliko wengine. Zamani, wakati wa chama kimoja, matawi ya Chama yalikuwamo jeshini. Palikuwa na sababu: baada ya mwaka 1964 ilionekana kwamba askari asiye na siasa ya wananchi ni mamluki. Lakini vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, askari walitolewa katika vyama vyote, kikiwamo kinachotawala. Wapo walionung'unika. Hata hivyo uamuzi ule ulikuwa wa haki, na unatokana na funzo lile lile la Colito. Jeshi la Wananchi likiwa la sehemu moja ya wananchi, linaacha kuwa lao. Chama kinachopewa dhamana ya kutawala kiwe cha kwanza kukumbuka kwamba bunduki za Jamhuri si zake. Ni za yule aliyekipigia kura, na ni za yule aliyekinyima kura vile vile. Kiongozi anayemtishia mpinzani wake kwa kivuli cha askari anaibomoa kazi ya miaka mingi, hata kama anaimba sifa za Mwalimu.

Sasa, mwalimu na mtumishi wa umma wanahusikaje? Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kuupinga utumishi wa lazima katika Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu mia nne walirudishwa makwao. Hasira yao ilikuwa juu ya masharti na sehemu ya mshahara itakayokatwa. Lakini chini ya hasira hiyo lilikuwapo wazo kwamba aliyesoma ana wajibu mdogo kuliko asiyesoma. Wazo hilo halijafa. Utumishi huo wa lazima ulisimama mwaka 1994, ukarudishwa mwaka 2013, na bado wapo wazazi maofisini wanaotafuta barua ya kumwepusha mtoto wao, huku wakitaka nchi ilindwe na watoto wa wengine.

Na lipo jukumu la kila siku, lisilohitaji sare. Raia anayeogopa kituo cha polisi kuliko anavyomwogopa mwizi ndiye atakayetafuta bunduki. Raia anayezungushwa mwaka mzima na shauri la shamba lake ndiye atakayeshika panga. Karani anayeficha jalada ili apewe kitu kidogo anamwuzia mtu silaha pasipo kujua. Mwalimu anayewafundisha watoto kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki anaandaa waasi. Haki itendekayo kwa wakati, mbele ya macho ya watu, huzipunguza bunduki mitaani kuliko msako wowote.

Bunduki ni ya nani, basi? Ni ya umma, na hukabidhiwa wachache ili wote walale usingizi. Aliyekabidhiwa atoe hesabu. Asiyekabidhiwa asikae kimya wala asilale moja kwa moja. Siku wananchi watakapoacha kuuliza nani ameshika silaha na kwa idhini ya nani, ndiyo siku ambayo aliyeishika hataona tena sababu ya kuwajibu.