Kasi ya Kutua Malindi

Njia kuu ya kurukia ndege ya Malindi ina urefu wa takriban mita 1,400. Kwa ndege ndogo ya Cessna 172 inatosha na kubaki, mradi rubani aje kwa kasi inayostahili: kama mara 1.3 ya ile ambayo chini yake mbawa hushindwa kuibeba ndege. Kwa njia fupi, ni karibu kilomita 113 kwa saa.

Wengine huongeza kidogo wakidhani wanajilinda. Ongeza asilimia 10, na nishati ambayo breki lazima ziimalize hupanda kwa asilimia 21. Kabla ya hapo ndege huelea juu ya lami, ikikataa kugusa chini. Kwenye viwanja vidogo vya mwambao wa Kilifi, mita zinazopotea hivyo ni za thamani mno.

Kusi, upepo utokao kusini, nayo si ya kupuuzwa. Njia ya Malindi imelala karibu kaskazini-kusini. Anayetua akielekea kusini hupunguziwa mwendo wa ardhini, anayetua upepo ukiwa mgongoni huongezewa.

Wakufunzi walisisitize hili tangu mwanzo: theluthi ya kwanza ya njia ikipita na magurudumu hayajagusa, mwanafunzi aongeze nguvu za injini na kupaa tena.