Tusiache Nyimbo za Tarumbeta Zetu Ziliwe na Mchwa



Kamati imenipa dakika kumi, nami nimekuja na bahasha moja tu. Ndani yake kuna picha ya karatasi niliyoiona Desemba, nilipokwenda nyumbani likizo. Ni sauti ya tatu ya wimbo wa mazishi, imeandikwa kwa mkono na kalamu ya wino. Pembe ya chini imeliwa na mchwa, kwa hiyo mistari miwili ya mwisho haipo. Anayeikumbuka mistari hiyo ni mzee mmoja aliyepiga sauti hiyo miaka mingi. Sasa meno yamemtoka, hawezi tena kupuliza. Nilipomwomba, aliiimba yote kwa kinywa chake, polepole, mpaka mwisho. Siku akituaga, ataondoka nayo.

Hakuna aliyekulia Songambele asiyezijua tarumbeta zile. Zimepigwa kwenye harusi zetu na kwenye mazishi ya wazazi wetu, na majirani wa madhehebu mengine walipofiwa, wapigaji walikwenda vilevile. Ndiyo maana naleta jambo hili kwenye chama cha maendeleo. Ni mali yetu sote.

Vijana huuliza zimetoka wapi. Wamisionari wa Betheli walifika Bukoba kutoka Ujerumani mwaka 1910. Huko Betheli, Bielefeld, ndiko alikofanya kazi mchungaji Johannes Kuhlo, mmoja wa watu waliovieneza sana vikundi vya tarumbeta vya kanisa nchini kwao. Vikundi hivyo hupiga kama kwaya inavyoimba: soprano, alto, tenori na besi. Kikundi chetu kinafuata mpango huo. Ujerumani yenyewe iliviweka vikundi vya namna hii kwenye orodha ya urithi wake wa utamaduni mwaka 2016. Kama wao wanaona ni urithi, sisi tuliozitia noti zile maneno na mahadhi ya kwetu tungojee nini?

Sasa nieleze kilichomo ndani ya lile sanduku la bati. Kwanza kuna vitabu vilivyochapwa. Hivyo vikiharibika ni hasara, lakini vingine vya aina hiyo vipo duniani. Pili kuna nakala za stensili, ambazo wino wake umeanza kufifia. Tatu, na hapa ndipo penye roho ya jambo, kuna madaftari ya mkono. Humo walimu wetu walichukua nyimbo za Kinyambo na Kihaya wakazipanga kwa sauti nne. Nakala ni moja tu. Likipotea daftari la besi, wimbo mzima umelemaa.

Najua wapo wanaosema, "Tununue tarumbeta mpya kwanza, karatasi zitangoja." Nawaheshimu, maana valvu za tarumbeta nyingine zimekwama kweli. Lakini tarumbeta ina duka. Ukipata fedha mwaka huu au baada ya miaka mitano, utaikuta inauzwa. Daftari la mkono halina duka. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa wanazungumzia karatasi iliyowekwa kwenye sakafu ya udongo wakati wa masika.

Tuna mfano hapo ng'ambo ya mto Kagera. Zaidi ya miaka 70 iliyopita, Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka akirekodi muziki wa wenyeji. Rekodi hizo zilihifadhiwa Uingereza, na baadaye nakala zikarudishwa Chuo Kikuu cha Makerere, ambako wajukuu wa wapigaji wanaweza kuzisikiliza. Fundisho kwetu ni mawili: kitu kiandikwe au kirekodiwe mwenyewe akiwa hai, na nakala zisikae mahali pamoja.

Kazi tunayopendekeza si ya ajabu. Kwanza, karatasi zitolewe kwenye sanduku, zifutwe vumbi kwa brashi laini, na pini zenye kutu ziondolewe. Zisianikwe juani, maana jua hula wino. Zisibandikwe selotepu, maana gundi yake huacha madoa ya kahawia na kuiharibu karatasi. Pili, kila ukurasa upigwe picha kwa skana, nukta 300 kwa inchi, na kila faili lipewe jina la wimbo na sauti yake. Tatu, nakala ziwe tatu: moja nyumbani, moja kwa katibu wa chama huku, na moja kwenye hifadhi ya intaneti. Nne, karatasi zenyewe zirudi nyumbani, ziwekwe kwenye makasha yenye mifuniko, juu ya rafu, mbali na ukuta wenye unyevu.

Jambo la tano wapigaji wenyewe walinisisitizia. Vitabu vya Kijerumani huandika noti kama inavyosikika. Vya Kiingereza humwandikia mpigaji wa tarumbeta ya B fleti noti iliyo toni moja juu ya ile inayosikika. Kijana akishika karatasi ya mfumo mmoja na mwenzake ya mfumo mwingine, wimbo unagongana, na watu husema tarumbeta zimeharibika. Kwa hiyo daftari la orodha litaje kila karatasi ni ya mfumo gani. Hilo linahitaji mtu anayesoma noti, na lazima alipwe posho.

Tuheshimu pia sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Familia za walimu waliopanga nyimbo hizi ziombwe ridhaa, na majina yao yaandikwe juu ya kila nakala. Wengi wao hawakuwahi kupata hata asante.

Ndugu zangu, fedha tunazoomba ni za skana, makasha, rafu, posho ya mwenye kusoma noti, na nauli ya vijana wawili watakaokaa na wazee na kinasa sauti. Hao wazee ndio waanze, kabla ya skana haijanunuliwa. Karatasi inaweza kungoja mwezi mmoja. Mzee wa sauti ya tatu sijui.

Mimi naanza na shilingi laki tatu, na mweka hazina yuko pale mlangoni ameshazipokea. Asiye na fedha leo atazame nyumbani kwao, chini ya kitanda cha marehemu baba au babu. Huenda pana daftari moja la besi tunalolitafuta.

Kata yetu inaitwa Songambele. Tusonge, lakini tusiache mizigo njiani.