Barua Haikufichwa, Ilirudishwa: Maneno tuliyosema mbele ya wanamemba, Luberizi

Wengine mmetoka mpaka Sange, tena jua ni kali, kwa hiyo tutaingia moja kwa moja kwenye jambo linaloleta maneno.

Mnalijua. Mfadhili aliandika kwamba rapoti ya mbegu ina kasoro: karatasi ya sahihi haikukamilika. Akaomba tuitengeneze kabla hajatuma sehemu ya pili ya pesa. Aliandika mara tatu, hatukujibu hata mara moja. Pesa haikuja, mvua ikaanza, watu wakapanda mbegu za kukopa. Ndipo likatoka neno: sekretere alisoma barua, akaificha, amekula makuta. Tulilisikia mpaka sokoni. Na sisi wa ofisi, tuseme ukweli, tulianza kumtazama vibaya.

Tulikaa naye siku nzima, simu mezani. Tulichotaka kujua kwanza ni barua ilisimama wapi. Habari ya nani amekosa tuliiacha pembeni. Kwa maana barua-pepe isipoonekana, kuna namna mbili. Ya kwanza: imefika, lakini imejificha ndani ya simu yako mwenyewe. Ya pili: haikuingia kabisa, ilikuta mlango umefungwa, ikarudi kwa aliyeituma. Hizi ni shida mbili tofauti, na ukizichanganya utatafuta mpaka usiku bure.

Tulianza na ile ya kujificha. Tulifungua «Spam», mahali ambapo mashine inatupa barua inazozidhania za matapeli. Gmail inaziweka pale siku 30, kisha inazifuta. Basi mtu anayefungua Spam mara moja kwa mwaka hatakuta kitu. Tukafungua «Corbeille». Tukafungua «Tous les messages», kwa sababu kidole kikiteleza juu ya barua, simu inaweza kuiondoa mbele ya macho bila kuifuta. Na mjue hili: ukiandika jina la mtu pale pa kutafuta, Gmail haiingii yenyewe ndani ya Spam wala Corbeille. Lazima ufungue mwenyewe. Tulikwenda hata kwenye kompyuta kuona kama kuna mtu aliweka amri ya kupeleka barua kwa anwani nyingine, maana amri hizo hazionekani kwenye simu. Hapakuwa na kitu.

Halafu tukafanya jaribio ambalo tungelifanya asubuhi, kama tungekuwa na akili. Tulichukua simu nyingine, tukamwandikia sekretere barua ya neno moja. Haikuchukua muda, ikarudi na maelezo kwamba sanduku lake limejaa.

Limejaa nini? Hapo ndipo watu wengi wanashangaa. Google inampa kila mtu giga 15 bila malipo, lakini hizo giga si za barua tu. Picha zilizohifadhiwa kule zinakula humo humo, faili za Drive humo humo, na kwa simu za Android hata nakala za akiba za WhatsApp siku hizi zinahesabiwa humo. Na simu ya sekretere ndiyo kamera yetu sote! Kila ugawaji wa mbegu, kila mkutano, kila video ya arusi anayotumiwa. Picha zilezile mlizodai zipigwe ili ionekane kwamba mbegu ziligawiwa, ndizo zilizofunga mlango wa barua.

Tulifuta video kubwa, tukamwaga na takataka zenyewe, maana zikibaki kwenye corbeille bado zinachukua nafasi. Sanduku likafunguka. Mama mmoja wa komite akasema, «Sasa tungoje, zitaingia.» Hapana, mama. Barua iliyokwisha kurudishwa haiko njiani, hakuna mahali inangojea. Ni lazima kumwomba aliyeandika aitume tena. Tulimpigia simu mfadhili siku ileile. Kumbe kila barua yake ilimrudia na yeye aliona, akadhani chama chetu kimekufa.

Hapa tunageuka kidogo kwa wafadhili watakaosoma maneno haya: barua ikirudi, tafadhali pigeni simu au mpitie ofisi yetu. Kimya chetu si jibu.

Jambo lingine ni letu sisi tuliorudi. Wengi walifungua anwani walipokuwa Burundi au kule Nyarugusu, wakaiunganisha na namba ya kule. Namba hiyo imekufa. Siku umesahau neno la siri, ujumbe wa kukufungulia unakwenda kwa namba ambayo huna, pengine leo iko mfukoni mwa mtu mwingine. Na anwani ya Google isiyofunguliwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Kama unangojea habari za mtoto aliyebaki kambini au ndugu aliyepelekwa Marekani, usichelewe: fungua anwani hiyo, weka namba yako ya Kongo.

Sekretere yuko hapa, ameketi mbele yenu. Barua tatu zimetumwa upya, prezida atazisoma kwa sauti baada yetu, na karatasi ya sahihi itapita kwenu leo. Waliokosa kutia sahihi ni watu kumi na mmoja. Pesa bado haijafika na hatuwezi kuwapa tarehe.

Kuanzia sasa anwani ya chama inafunguliwa kwenye simu mbili, ya sekretere na ya mtunza pesa, na picha zitawekwa kwenye kompyuta ya ofisi. Jumamosi asubuhi tutakuwa pale ofisini kwa wenye shida ya anwani za zamani. Mje na simu zenye chaji.